Nyuma ya Mguu wa Mbele

Mwanangu aliamka hana miguu. Miguu yenyewe ilikuwepo, yote miwili, imelala kitandani na makovu yake ya kurukia mitaro, lakini haikumsikia tena. Alijikokota mpaka ukingoni mwa kitanda, akaiteremsha chini kwa mikono kama mtu anayeshusha mzigo, akajaribu kusimama, akaenda chini kifudifudi. Jana yake alikuwa akipepesuka nikamwambia aache maigizo, kwa kuwa shule zilikuwa zimefunguliwa wiki ileile na mimi michezo ya watoto naijua. Sasa nilimnyanyua akaning'inia mikononi mwangu kama nguo iliyoloa, na maigizo ya namna hiyo hayapo.

"Mama, miguu imelala," alisema. "Iamshe."

Niliisugua. Niliipiga vikofi. Niliifinya mpaka nikaacha alama za kucha, naye akalia kwa maumivu, maana kuhisi alikuwa anahisi, ila hata kidole kimoja hakikucheza. Hapo nikapiga yowe la kumwita wifi yangu, anayekaa nyumba ya ukuta kwa ukuta na yetu na ambaye kwa kawaida simwiti, huja mwenyewe.

Tulimwita huyu mtoto Chiriku kwa sababu ya mdomo. Yuko darasa la pili na anaongea kuliko redio. Wateja wangu humhonga pipi anyamaze wasukwe kwa amani. Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, viti viwili na draya moja inayonguruma, na Chiriku amekulia chini ya viti hivyo akiokota mabaki ya nywele na kuwasuka wanasesere wake. Baba yake ni dereva wa lori la ng'ombe. Anapakia mnadani, anashusha machinjioni, na anaporudi harufu yake hufika mlangoni kabla yake.

Mwisho wa likizo alitaka kumchukua Chiriku safari. Nilikataa. Akamchukua. Alisubiri nimekwenda sokoni kununua nywele za kusukia, nikarudi nikakuta kiti cha mtoto kitupu na ujumbe kwenye simu eti wanapunga upepo. Walirudi baada ya siku kadhaa, mtoto ana majani makavu kichwani na hadithi za kututosha mwaka mzima: alilala nyuma kwenye nyasi za ng'ombe, alimnywesha fahali kwa ndoo, fahali akamlamba shingo. Nilimwogesha nikimsugua kama sufuria lililoungua, kisha nikamkalisha nikamsuka rasta ndogondogo, kazi ya mchana kutwa. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira nasuka vizuri sana. Kama kulikuwa na kitu kwenye ngozi yake siku ile, basi kilikuwa kidogo kama punje ya ufuta na sikukiona.

Tulikwenda kituo cha afya kwa pikipiki, mimi na wifi tumembana Chiriku katikati. Njiani alikuwa bado anaongea. Alimwambia dereva wa pikipiki kwamba baba yake ana gari kubwa kuliko hilo.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, lakini hakuwa na papara. Alimgonga Chiriku magotini kwa kinyundo chake cha mpira, mguu haukuruka. Akamgonga tena pembeni kidogo, haukuruka. Alimpima joto, homa hakuna. Alimwambia ambane kidole kwa nguvu zake zote, Chiriku akabana huku amekunja uso, na daktari akatazama kile kidole chake kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Hivi karibuni amekaa karibu na wanyama?" aliuliza.

Wifi akaanza kusafisha koo. Ni kaka yake huyo, alijua kinachokuja.

"Amelala nao, daktari," nilisema. "Baba yake alimpakia kwenye lori pamoja na ng'ombe."

Hakucheka. Alivuta kiti akaniketisha, na nikajua kwamba mtu akikuketisha habari si nzuri. Alisema kuna kupe ambao mate yao yana sumu. Kupe akishajishikiza na kunyonya siku kadhaa, mwili unalegea kuanzia chini na ulegevu unapanda: miguu, kiuno, mikono, koo. Ukifika kifuani, misuli inayovuta hewa nayo inalala. Mtoto anabaki na akili zake timamu, anasikia kila neno, ila hewa haivutiki.

"Kupe akitolewa, sumu inaisha yenyewe na mtoto anarudi alivyokuwa," alisema. "Asipotolewa, mama, sitakudanganya. Hapa tuna mtungi wa oksijeni na mfuko wa kupumulisha kwa mkono. Mashine iko hospitali kubwa, na gari la wagonjwa limempeleka mzazi upande wa pili wa mto. Naenda kulipigia sasa hivi. Ninyi mtafuteni huyo kupe. Mwili mzima."

"Kichwa niachieni mimi," nikasema.

Naona aibu kusema, lakini nilipata nguvu. Mtu akiniambia ugonjwa uko kwenye damu au kwenye mapafu, nifanye nini? Huyu aliniambia uko kwenye ngozi, pengine kwenye nywele, na nywele ndiyo kazi inayoniweka mjini. Nilitoa chanuo la mkia kwenye mkoba, nikamlaza Chiriku kifudifudi mapajani mwangu, nikaanza kufumua rasta zangu mwenyewe. Nilizikata nusu kwa mkasi wa sista, muuguzi wa zamu, nikachomeka mkia wa chanuo, nikavuta, nikahamia nyingine. Niligawa kichwa mafungu manne kama ninavyofanya siku zote na kuanzia kisogoni kwenda juu. Kila mstari niliufungua kwa vidole nikausoma kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Upande wa pili wa kitanda sista alikuwa ameanza kumvua mtoto gauni ili akague mwili, na Chiriku akawa analia kwamba anasikia baridi.

Nilimkuta nyuma ya sikio la kushoto, palepale nywele zinapoanzia, kati ya mistari miwili. Amevimba kama punje ya mbaazi, rangi ya majivu, kichwa kimezama kwenye ngozi ya mwanangu na makalio yako nje kwa raha zake.

"Nimempata!" nilipiga kelele. "Sista, nimempata!"

Sista alikuwa ameshafungua vifungo vya mgongoni. "Ngoja nimalizie na huku, dada," alisema.

"Umalizie nini na kupe huyu hapa? Mtoto anatetemeka. Mfunike."

Alisita. Nilimtolea macho, na nikitoa macho hata wateja wanaopenda kulalamika hutulia. Akafunga vifungo, akamfunika blanketi mpaka kidevuni.

Wifi alikuwa ameshasimama. "Mafuta ya taa," alisema. "Mpakeni mafuta ya taa ashindwe kupumua. Au nipeni kiberiti. Ukimchoma kidogo tu makalioni anaachia mwenyewe, sisi tulikuwa tunafanya hivyo."

"Asiguswe na moto wala mafuta," daktari alisema akiwa mlangoni, simu bado sikioni. "Ukimtesa anatapika. Yote aliyonayo tumboni anayarudisha ndani ya mtoto."

"Mimi nilichomewa wangapi utotoni na niko hapa," wifi alisema.

"Ndiyo maana ukoo wenu uko hivyo," nikamjibu, na hata sista akaficha uso.

Vibano vya kituo vilikuwa vya kushikia pamba, vinene mdomoni. Nikatoa changu cha kung'olea nyusi, chenye ncha nyembamba, sista akakifuta kwa spiriti. Daktari alikuja akasimama nyuma ya bega langu. Aliniambia nimshike kupe palepale anapoingilia ngozini, si tumboni, maana tumbo likiminywa ni sawa na kubonyeza bomba la dawa. Nisimzungushe. Nisimkwanyue. Nivute kwenda juu, moja kwa moja, nguvu ileile bila kuongeza, mpaka achoke yeye.

Nilimshika. Nilivuta. Ngozi iliinuka ikawa kama kihema kidogo, ikabaki hivyo, nikabaki nimeshikilia. Kisha akaachia, mzima, miguu ikipiga hewani. Daktari alimkagua mdomo kwa tochi akasema haukukatika, akamtumbukiza kwenye kichupa chenye spiriti, sista akapasafisha mahali pale, na wifi akapiga kigelegele mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakauliza nani kajifungua. Mimi nililia. Nilimbusu Chiriku kisogoni kwenye nywele nusu zimefumuliwa nusu zimesukwa, nikamwambia amepona.

"Kwa hiyo nisimame?" aliuliza.

"Bado kidogo," daktari alisema. "Inachukua saa kadhaa."

Mume wangu, aliyepigiwa simu na wifi kuhusu kupe, alifika akitokea machinjioni na mabuti yake ya mpira. Nilimsikia kabla sijamwona, buti likifyonza sakafu ya ukumbini, nikatoka nikamwekea mkono kifuani mlangoni.

"Usiingie."

"Mama Chiriku, mtoto anaendeleaje?"

"Ulimlaza na ng'ombe. Nilikukatalia, ukanisubiri nitoke, ukamwiba mwanangu ndani ya nyumba yangu ukaenda kumlaza na ng'ombe. Nimeutoa uchafu wako kwa mkono wangu. Sitaki kukuona humu."

Ni mtu mkubwa, anaweza kumsukuma dume la ng'ombe kwa bega, lakini kwangu hajawahi kuinua hata sauti, na siku ile hilo nalo liliniudhi. Alizunguka jengo akaenda kusimama nje ya dirisha la chumba chetu, mikono kwenye ukingo wa baraza. Nilimwona bega tu. Nikageuza kiti changu nisimwone hata hilo.

Tulisubiri Chiriku arudi. Niliendelea kumfumua nywele zilizobaki, polepole sasa, nikimsimulia nitakavyomsuka upya. Jua likapanda. Nilimwambia anibane kidole, akabana kidogo. Baada ya muda nikamwambia tena, na vidole vyake vikabaki vimelala juu ya kiganja changu kama si vyake. Nilidhani amechoka. Aliomba maji, nikamnywesha, yakarudi kwa puani akapaliwa, tukamgeuza ubavu na kumpiga mgongoni mpaka yakatoka. Alipotaka kusema kitu sauti ilipitia puani na maneno hayakuwa na ncha. Mtoto ambaye tunamhonga anyamaze, nilikuwa nimeinama mdomoni mwake nimwombe neno moja.

Daktari alikuja, akaondoka, akarudi. Alihesabu pumzi mkono ukiwa kifuani kwa mtoto.

"Asingepaswa kuzidiwa," alisema. "Hata kama hapati nafuu haraka, asingezidiwa hivi." Akatoka tena kupigia gari la wagonjwa, na kupitia ukutani nilimsikia akigombana na mtu, yeye ambaye hakuwa na papara.

Wifi alikuwa amekaa kitandani anasugua miguu ya Chiriku, midomo yake ikienda katika dua.

"Mlimtoa wangapi?" mume wangu aliuliza dirishani.

Nikamfuta Chiriku mdomo.

"Mama Chiriku. Mlimtoa wangapi?"

"Mmoja! Kwani ulimpakia wangapi?"

"Kupe hapandi peke yake," alisema, taratibu, kama anayeongea na mnyama aliyeshtuka. "Mimi kwenye lori sianzi na kichwa. Mkono unaanzia nyuma ya mguu wa mbele. Pale kwenye joto, penye ngozi laini. Wakubwa wanakaa pale. Angalieni nyuma ya mguu wa mbele."

"Mwanangu hana mguu wa mbele!" Nilisimama. "Ana mikono! Ni binadamu! Umemfanya ng'ombe safari nzima, hata leo anakata roho bado kwako ni ng'ombe?"

Nilifunga dirisha. Kioo kilitikisika kwenye fremu. Wifi akarudi kusugua miguu ya Chiriku.

Nilikuwa bado nimeshika komeo la dirisha nilipoona midomo ya Chiriku. Ilikuwa imepoteza rangi. Macho yalikuwa wazi, yananitazama, na kifua kilikuwa kinajaribu kuinuka kikiishia njiani. Nilipiga kelele. Daktari aliingia anakimbia, akampindisha kichwa nyuma, akamfunika pua na mdomo kwa kikombe cha mpira kilichounganishwa na mfuko, akaubana mfuko. Kifua kikainuka. Akaachia. Akabana. Sista aliunganisha mpira wa oksijeni, na alipomaliza akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini kabisa, bila kunilaumu.

"Dada, ule mwili hatukumaliza kuukagua."

Si yeye aliyeacha. Mimi ndiye niliyemwambia amfunike. Daktari alisema mwili mzima, na mimi nilisikia kichwa, kwa sababu kichwa ndicho ninachokijua, na nilipokuta kitu kichwani nikaona kazi imekwisha na nimeshinda. Nilikuwa nimeshinda dhidi ya nani? Dhidi ya mtu mwenye mabuti aliyesimama nje ya dirisha.

Nikafungua dirisha. "Ingia," nilisema. "Ingia, Baba Chiriku, nakuomba ingia."

Mlango ulikuwa mbali, mpaka kuzunguka jengo zima. Alipitia dirishani. Alipandisha buti moja, akakwama kiunoni, wifi akamvuta kwa mkanda, akaangukia ndani na kuangusha meza ya dawa, na hakuna aliyejali.

"Fanya kama unavyofanya," nilimwambia. "Vilevile kabisa."

Sista alikata gauni kwa mkasi. Mume wangu alifuta mikono kwenye suruali, kisha akafumba macho. Baadaye aliniambia kwamba ndani ya lori, ng'ombe wakiwa wamebanana, hakuna cha kuona, ni mkono tu. Alipitisha kiganja kwenye taya la mtoto, akashuka shingoni, akapita begani. Daktari alikuwa akibana na kuachia, akibana na kuachia, na ule mkono mkubwa ulipita chini ya mikono yake bila kumgusa. Kwapa la kushoto ndiko kipimajoto kilikowekwa asubuhi, halikuwa na kitu. Akahamia la kulia. Mkono wa kulia wa Chiriku ulikuwa umelala ubavuni tangu tulipomlaza, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuinua. Aliuinua. Vidole vyake vikaenda nyuma, kwenye mkunjo unaoelekea mgongoni, vikasimama.

"Huyu hapa," alisema.

Alikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Kama punje ya kahawa, mweusi, amejibanza kwenye mkunjo kana kwamba pale ndipo kwao. Na dole gumba la mume wangu na kidole chake cha shahada vilikuwa vimeshafungika juu yake, kwa mazoea, maana kwa ng'ombe huwa anaminya, anazungusha, anatupa chini na kukanyaga.

Nilimpiga mkono kofi. "Usimminye!"

Aliachia kama aliyeungua. Kibano kilikuwa kwenye bakuli la chuma, bado na spiriti. Nilikichukua. Mkono huu unaosuka nywele nyembamba kuliko uzi, siku zote bila kutetemeka, ulikuwa unacheza kama wa mlevi. Mume wangu aliinua mkono wa mtoto juu, na kwa dole gumba lake akavuta ngozi ikanyooka. Hakunishika, hakuniambia tulia. Aliniwekea tu ngozi pale nilipoihitaji, na nikaona shingo ya kupe, palepale anapoingia.

Nilishika. Nilivuta.

Hakuachia. Ngozi iliinuka na yeye akabaki. Nilitaka kumkwanyua. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kuvuta kwa nguvu na kumaliza. Kila mara daktari alipobana mfuko nilihisi namwibia mwanangu pumzi. Mwili wangu wote ulikuwa unaniambia kimbia, na vidole viwili tu ndivyo vilivyotakiwa kutokimbia.

"Usiharakishe," daktari alisema bila kuniangalia. "Pumzi anapata. Mimi nampa. Wewe vuta tu vilevile."

Nilivuta vilevile. Jasho liliniingia machoni na wifi akalifuta kwa khanga yake. Nilivuta vilevile, na wakati nilipoanza kusema moyoni kwamba haiwezekani, nikahisi kitu kikiteleza, na kibano kikaja juu na kupe mzima.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Daktari alisema, "Mtieni kwenye kichupa, pasafisheni, endeleeni kutafuta," na tukaendelea. Kwa pamoja, mume wangu kwa mkono, mimi kwa macho, sista nyuma yetu. Masikio, kitovu, mapaja, nyuma ya magoti, katikati ya kila kidole cha mguu. Hapakuwa na mwingine. Tulirudia tena kuanzia mwanzo, na hapakuwa na mwingine.

Halafu kazi ikawa mfuko.

Daktari alibana mpaka mikono yake ikaanza kufa ganzi, na kulikuwa na wagonjwa wengine kituoni ambao nao walikuwa wanamhitaji. Alitufundisha. Kichwa kinashikwa hivi, kikombe kinabanwa usoni hivi, hewa isivuje. Bana mpaka kifua kiinuke, usizidishe. Achia. Subiri kishuke. Bana. Alisema sumu iliyokwisha kuingia itakwenda kwa mwendo wake na hakuna wa kuihimiza, na kwamba hawezi kuniahidi kitu. Nilimshukuru kwa kutoniahidi. Ahadi moja nilikuwa nimeshaitoa mwenyewe asubuhi, nikambusu mtoto kisogoni na kumwambia amepona.

Tulibadilishana. Sista, wifi, mume wangu, mimi. Kubadilishana kwenyewe kulikuwa kazi: mkono mpya unaingia chini ya mkono uliopo, unabana nao pamoja mara moja, ndipo wa zamani unatoka, ili mtoto asipitwe na pumzi hata moja. Sijashikana mikono na mume wangu mara nyingi hivyo tangu tuoane. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Simu ya daktari ililia mara kadhaa na kila mara gari la wagonjwa lilikuwa njiani.

"Anasikia," daktari alikumbusha alipopita. "Ongeeni naye."

Mume wangu aliongea. Alimsimulia habari za yule fahali, kwamba alipomshusha hakutaka kushuka, alikuwa anamtafuta yule msichana wa ndoo. Najua alitunga. Fahali aliingia machinjioni kama wenzake. Wifi alimwahidi kila kitu kilichopo dukani. Zamu yangu ilipofika nilitaka kusema jambo la kumtia moyo, nikakosa, nikamwambia ukweli, kwamba naogopa, kwamba sijawahi kuogopa hivi, na kwamba asinifuate mimi kwenye hofu, amfuate baba yake ambaye haogopi.

"Naogopa," mume wangu alisema kutoka sakafuni alikokaa, uso kwenye magoti. "Mama Chiriku, nilikosea kumchukua."

"Baadaye," nikamwambia. "Njoo ushike, kidole gumba kimekufa."

Aliinuka akaja kushika.

Jua lilipozama sista aliwasha taa. Ilikuwa tena zamu yangu. Mikono haikuwa na hisia, nilikuwa nabana kwa mabega, na akili ilikuwa imebaki na mambo mawili tu, bana na achia. Nilibana. Kifua kikainuka. Niliachia. Kikashuka. Nilikuwa nasubiri, bado sijabana, kifua kikainuka.

Nilidhani nimebana bila kujijua. Nikatazama mfuko. Ulikuwa umejaa, umetulia kiganjani mwangu.

"Daktari," nilisema, na sauti haikutoka. Mume wangu ndiye aliyepiga kelele za kumwita.

Daktari alikuja akainama, sikio juu ya mdomo wa mtoto, macho kwenye kifua. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga vidole kwa ajili ya pumzi inayofuata, maana ni saa nyingi mwanangu hakuwa amepumua bila mkono wa mtu.

"Usibane," alisema.

"Daktari, muda umefika."

"Najua. Usibane. Mwachie."

Siku nzima ile sikufanya jambo gumu kama lile. Kifua kilikuwa chini, kimya, na vidole vyangu vilikuwa kwenye mfuko, na ilikuwa juu yangu kumpa au kutompa. Mume wangu aliushika mkono wangu. Nikaachia vidole, kimoja kimoja, mpaka mfuko ukalala kiganjani bila kubanwa na mtu, nikamtazama mwanangu usoni, naye alikuwa ananitazama.

Akavuta.